Wapeni Wazee wa Dansi Vyeti Wafundishe

Ndugu zangu wa nyumbani,

Mmetuma tena bango la mchango kwenye kundi letu la WhatsApp. Mpiga solo wa zamani, sukari imempanda, mguu uko hatarini. Chini yake mmejaza makopa na "tupo pamoja mzee wetu". Changu nimetuma. Lakini nimechoka kuwakumbuka wazee hawa wakishafika wodini.

Hapa Köln nafundisha piano ya jazi katika shule ya muziki ya manispaa, na wikiendi napapasa kinanda klabuni. Wajerumani wanausifu mkono wangu wa kushoto, wananiuliza niliusomea chuo gani. Chuo! Niliusomea nyuma ya steji, kwa wapiga besi na rithim ambao ninyi hamwaruhusu kushika chaki.

Tena hatukuchelewa kuanza. Wenzetu wa huku walifungua darasa la jazi Frankfurt, kwenye chuo cha Hoch, mwaka 1928. Dar es Salaam Jazz Band ilizaliwa 1932, miaka minne tu baadaye. Ilipokuja NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, mwaka 1964, mwanamuziki wake alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Leo mpuliza domo la bata anagawana viingilio vya mlangoni, mvua ikinyesha halali na kitu.

Ninachodai ni kimoja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi uashi aliyejifunzia mtaani anapimwa, akifaulu anapewa cheti. Mpishi naye, fundi magari naye. Mpiga gita ana kosa gani? Mwekeni mbele ya jopo la wenzake. Atyuni kwa sikio, apige rumba, aoneshe gita la pili linaingiaje na chemko linajengwaje. Akifaulu, apewe cheti cha kufundisha, na halmashauri imlipe kwa saa. Haombi kuwa mwalimu mkuu, anaomba Jumanne na Alhamisi jioni.

Msiniambie Bagamoyo inatosha. TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko, ni kimoja, wilaya ni nyingi. Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali mpaka sekondari. Sasa amali ya muziki atafundisha nani? Aliyesoma nota kitabuni akakariri majina yake? Mnapenda mno karatasi, jamani, na masikio mnayo.

Najua jibu lenu: rudi basi wewe ufundishe. Haya. Mwaka huu haiwezekani, mtoto yuko katikati ya shule na mkataba wangu haujaisha. Mwaka jana pia nilikuwa na sababu. Nyimbo za kwetu nawafundisha watoto wa watu, wananilipa vizuri, na usiku mwingine fedha hiyo hainipi usingizi.

Kwa hiyo nisaidieni hili dogo. Bajeti ya elimu ikisomwa, mbunge mmoja asimame aulize kwa nini anayejenga ukuta anapewa cheti na anayejenga wimbo hapewi. Akijibiwa kwamba hakuna wa kuwapima, mwambieni waziri tupo, hata huku tulikokimbilia.

Wenu, mpapasa kinanda.