AFYA NYUMBANI: Ua la Mlangoni na Kipimo Chake

Mwezi huu twataka kunena habari za ua ambalo wengi wetu hapa Tabora tunalo mbele ya nyumba. Ni ua dogo la petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, lisilojali jua kali. Wageni huliita vinka, na asili yake ni Madagaska. Twalinena kwa sababu kwa ua hili sisi wenyewe tulikosa.

Jioni moja tuliwaambia watu waliokusanyika ya kuwa katika majani ya ua hili hutoka dawa ya uvimbe, hata uvimbe wa ubongo. Neno hilo ni kweli, lakini tulilisema nusu, tukaenda zetu. Mama mmoja jirani alikuwa na mwana wa miaka 9, aliyeumwa kichwa kila alfajiri na kutapika, kisha akaanza kuona kitu kimoja kama viwili. Mama akachemsha majani, akamnywesha majuma matatu. Tulipokwenda kuwajulia hali tukamwuliza mbona hakumpeleka hospitali. Akajibu, "Mwalimu, si ninyi mliotufundisha ya kuwa dawa iko mlangoni?" Hatukuwa na la kujibu.

Basi yafaa tuimalize habari tuliyoiacha nusu.

Watu wa Jamaika walikuwa wakinywa maji ya majani hayo kwa ugonjwa wa sukari. Majani yakapelekwa Kanada, na wataalamu Robert Noble na Charles Beer wakayajaribu kwa panya. Sukari haikushuka, bali chembe nyeupe za damu zilipungua sana. Mwaka 1958 wakatangaza kitu walichokitoa humo, kiitwacho vinblastini. Wataalamu wa Marekani wakapata ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa huko kuwa dawa mwaka 1963. Kazi yake ni kuzuia chembe za mwili zisigawanyike. Na kwa kuwa chembe za uvimbe hugawanyika pasipo kiasi, ndizo hasa zipigwazo.

Sasa angalieni kipimo. Wazee wetu Wanyamwezi, waliochukua pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, hawakuondoka kabla pembe hazijapimwa kwa frasila. Dawa hii nayo ina mizani yake. Mamia ya kilo za majani makavu, yaani mizigo ya wapagazi wengi, hutoa gramu moja tu au pungufu. Naye mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, tena kwa mshipa wa damu, si kwa kinywa. Ikizidi, mishipa ya fahamu huharibika, mikono na miguu hufa ganzi, tumbo hufunga. Aliyechemsha majani sufuriani, amepima nini? Hajui kama amempa mtoto sumu, au maji matupu.

Tena ubongo una boma lake. Kuta za mishipa yake midogo ya damu zimeshikamana sana, na dawa nyingi hukomea nje. Hata vinkristini hupenya kwa shida. Kwa hiyo madaktari hawaitumii peke yake. Huko Marekani kulikuwa na jaribio la watu wazima 251 wenye uvimbe wa ubongo ukuao polepole, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016. Waliotibiwa kwa mionzi tu, nusu yao waliishi miaka 7.8 au zaidi. Walioongezewa dawa tatu, mojawapo vinkristini, nusu yao waliishi miaka 13.3 au zaidi. Hiyo si kazi ya ua peke yake, wala si ya sufuria.

Ubani nao una habari yake. Mwaka 2011 wataalamu wa Ujerumani walitangaza jaribio la wagonjwa 44 waliokuwa wakipigwa mionzi kichwani. Waliopewa vidonge vya ubani wa mti wa Kihindi walipungukiwa maji yaliyojaa ubongoni kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Maji yalipungua, haikuonyeshwa kuwa uvimbe wenyewe umepona. Nao walikuwa chini ya daktari, hawakufukiza moshi.

Kwa hiyo, wazazi, si kila kichwa kiumacho kina uvimbe. Lakini maumivu yazidiyo kila asubuhi pamoja na kutapika, degedege kwa mtu mzima asiyekuwa nalo zamani, macho kupotoka, mtoto kuanza kuyumba, au upande mmoja wa mwili kulegea, hayo yapelekwe Kitete upesi. Ikihitajika, watawaelekeza Bugando huko Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Na kama mmekwisha kunywa majani yo yote, mwambieni daktari bila haya.

Yule mtoto alipasuliwa, uvimbe ukatolewa sehemu tu. Sasa hutiwa dawa kwa mshipa, na mojawapo ni vinkristini, iliyotoka katika ua lile lile. Atembea, na shuleni amerudi; lakini jicho la kushoto halioni tena. Kama majuma yale matatu ndiyo yaliyolipoteza, hakuna ajuaye. Sisi hatuthubutu kusema hayakuwa kitu. Ua tumeliacha mlangoni petu, na kila atuulizaye habari zake twamwambia yote, mwanzo hata mwisho.