Ati Wahadzabe Hawana Mpango

Mwaka 1982 James Woodburn aliandika kwamba Wahadzabe hupata leo, wakala leo. Wasomi wavivu wamelikuza neno hilo hata likawa tusi: ati hawajui kupanga. Na waende basi Munguli, wilayani Mkalama, mkoa wa Singida, wamtazame mwindaji. Hunyosha mishale motoni. Husokota kano za mnyama ziwe upote wa upinde. Hupika utomvu wa sumu hadi ugande. Mshale wa ndege ni mti mtupu. Wa pofu una chuma (mara nyingi msumari uliofuliwa) na sumu. Kiangazi kikikaza, hujificha usiku kando ya dimbwi alilolichagua, upande ambao upepo haumsaliti. Huo si mpango? Kumbe mpango, kwa lugha yetu, ni kulifyeka pori na kuingiza mifugo madimbwini, kisha kumlaumu mwenye upinde kwa njaa yake.