Shahada Mtambuka Isiyovuka Mto

Mwaka wangu wa pili chuoni Uingereza, mhadhiri mmoja alituonyesha jedwali ukutani. Lilihusu sababu zinazowafanya watoto wenye malaria kali wacheleweshwe kufikishwa hospitali. Umbali, nauli, na chini kidogo, kwa Kiingereza, "imani za kienyeji". Jina la wilaya lilikuwa Bagamoyo.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Bibi yangu ni mmojawapo wa hizo imani za kienyeji.

Nilipokuwa na miaka saba, mdogo wangu aliamka usiku akiwa amekakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni. Mama alishachukua kanga ili wakimbilie hospitali. Bibi akasimama mlangoni akatamka neno moja tu: degedege. Nyumba nzima ikatulia. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mtoto wa degedege hapigwi sindano. Akipigwa, anakufa. Basi wakaenda kwa mganga kwanza, hospitali wakafika alfajiri. Mdogo wangu alipona. Mkono wake wa kushoto haukurudi kama ulivyokuwa.

Sasa jamani, bibi hakuwa mjinga. Alikuwa ameona kwa macho yake. Watoto waliofikishwa hospitali wakiwa wamezidiwa, wakapigwa sindano, wakafa. Kitu cha mwisho kilichoonekana ni sindano. Ukiangalia kwa jicho la aliyekuwepo, hiyo ni hesabu, tena hesabu inayoeleweka. Ina kosa, lakini huwezi kulipata kosa hilo kama hujui neno lililoibeba.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walifanya kazi nzuri sana kuhusu jambo hili, hukohuko Bagamoyo. Walikaa wakasikiliza maneno. Wakagundua kwamba kwa watu wengi "homa ya malaria" ni ugonjwa mmoja na "degedege" ni mwingine kabisa, wenye asili yake na tiba yake. Ina maana ukibandika bango la "malaria inaua, wahi hospitali", mama ambaye mwanawe ana degedege analisoma, anakubaliana nalo, na anapita. Halimhusu. Ule ulikuwa utafiti wa afya, lakini ufunguo wake ulikuwa msamiati. Kufika darasani kwetu, msamiati ulikuwa umeshachujwa, limebaki jedwali na lile neno "imani".

Hapo ndipo ugomvi wangu na shahada yangu ulipoanzia, na leo nauleta kwenu wapenzi wa fasihi kwa sababu naamini unawahusu, na mwishoni nitawagusa na nyie.

Shahada yenyewe inaitwa, nikiitafsiri, Afya ya Dunia na Maendeleo. Ni shahada ya kwanza, na sifa yake kubwa, iliyoandikwa kila mahali, ni kwamba ni mtambuka: mwanafunzi hafungwi kwenye fani moja. Tulisoma epidemiolojia, takwimu, uchumi wa afya, sera, historia kidogo, anthropolojia kidogo. Niseme ukweli, nilipata mengi. Nilielewa kwa nini Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliahidi huduma ya msingi ya afya kwa wote, na jinsi mwaka mmoja tu baadaye Walsh na Warren walivyopendekeza njia ya mkato: chagueni magonjwa machache yanayoua sana na yenye tiba rahisi, hayo mengine yasubiri. Nilielewa ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1987 iliyotaka wagonjwa walipie huduma, na nikaunganisha mwenyewe na ule "uchangiaji" ulioanza kwenye hospitali zetu mwaka 1993, neno ambalo nilikua nikilisikia likitamkwa kwa uchungu. Hayo siyabezi.

Ninachosema ni hiki: kutambuka ni kuvuka. Shahada iliyovuka kutoka takwimu kwenda uchumi, na kutoka uchumi kwenda sera, imetembea ukingo uleule mmoja wa mto. Ng'ambo kuna watu wanaougua, wana lugha, na lugha hiyo ina vitabu. Miaka mitatu nzima hatukutakiwa kujifunza lugha hata moja ya mahali tulipokuwa tukipasoma. Hatukupewa riwaya hata moja. Mtu anaweza kuhitimu kwa daraja la juu kabisa, akaandika tasnifu juu ya Tanga au Kisumu au Bukavu, na asiweze kumuuliza mgonjwa hata "unajisikiaje?"

Cha kushangaza, sayansi yenyewe imejaa lugha hizo. Kwashakoo, utapiamlo unaovimbisha watoto, ni neno la Kiga kutoka Ghana. Daktari Cicely Williams alilipeleka kwenye majarida ya kitabibu miaka ya 1930. Linamtaja mtoto aliyeondolewa ziwani baada ya mwenzake kuzaliwa. Hebu tazama: jina peke yake limeshakwambia nani anaugua, lini, na kwa sababu gani. Chikungunya ni Kimakonde, neno la kujikunja, lilichukuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko kusini mwa Tanganyika. O'nyong-nyong ni la Waacholi wa Uganda, kwa maumivu ya viungo, mwaka 1959. Tulifundishwa virusi, mbu na dalili za magonjwa haya. Hakuna aliyesimama dakika moja kuuliza: watu walioyapa majina walikuwa wanajua nini? Yaani jina tumelichukua, mwenye jina tumemwacha mlangoni.

Mwaka wa tatu nilijaribu kuvuka mwenyewe. Tulipewa insha kuhusu afya ya wasichana wanaobalehe. Niliandika juu ya Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971. Mnaijua: baba mkali na mlevi anayedhani fimbo ndiyo malezi, binti anayetoka nyumbani bila kuambiwa chochote kuhusu mwili wake, kisha mimba, kutoa mimba, na mwisho ule. Nilionyesha kwamba Kezilahabi alishaona kitu ambacho makala zetu zilikuwa zinakizunguka tu. Tatizo la Rosa halikuwa "ukosefu wa elimu", kwa kuwa alikuwa shuleni! Lilikuwa ukimya wa nyumbani uliopewa jina la heshima. Nikaongeza kwamba kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na kwamba ilibidi tusubiri hadi Novemba 2021 ndipo serikali ikaruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani. Nusu karne.

Insha ilirudi na maoni ya mstari mmoja: hii si ushahidi, tumia vyanzo vya kitaaluma.

Najua hoja yao, na si hoja dhaifu. Riwaya haihesabu. Rosa ni mmoja, tena wa kubuni. Huwezi kupanga bajeti ya wilaya kwa kusoma Kezilahabi. Nakubali, na wala sikudai hivyo. Lakini kabla hujahesabu, lazima uamue unahesabu nini. Dodoso linauliza "je, umewahi kupata elimu ya afya ya uzazi?" na Rosa angejibu ndiyo au hapana, na ule ukimya usingeonekana kwenye safu yoyote. Riwaya ndiyo ingekwambia kwamba swali lenyewe limekosewa. Hesabu iliyofanywa vizuri juu ya swali bovu inakupa ubovu wenye nukta za desimali.

Watakuja wengine waseme: haya ni mambo ya vyuo vya Ulaya, tatizo ni umbali tu. Sivyo. Wazo la kuchanganya afya na maendeleo na siasa halikuzaliwa kwao. Baada ya Azimio la Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliamua kwamba kila mwanafunzi, pamoja na wa udaktari, asome Taaluma za Maendeleo. Walter Rodney alikuwa akifundisha pale pale, na kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Wanafunzi wengi walilinung'unikia somo lile, wakaliona ni siasa tupu, na pengine mara nyingine lilikuwa hivyo. Lakini msingi ulikuwa sahihi: daktari asiyejua kwa nini kijiji hakina maji ni fundi wa nusu kazi.

Na mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya. Kampeni ya wiki 12 kwa redio, vikundi vya kusikiliza vijijini, kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa kwa watu walioanza kusoma juzi juzi. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Hapo palikuwa na mwalimu, mtangazaji, mwandishi, bwana afya na mkulima kwenye kazi moja, lugha moja. Halafu nakuja kufundishwa ng'ambo mwaka 2020 na kitu kwamba kuchanganya fani ni ugunduzi mpya. Lo!

Sasa nije kwetu.

Sisi watu wa fasihi tumefanya dhambi pacha. Wao wametupa hadithi wakabaki na hesabu. Sisi tumeichukua hadithi tukaigeuza jibu la mtihani. Chukueni Orodha, tamthiliya ya Steve Reynolds ambayo maelfu ya wanafunzi Tanzania wameisoma sekondari. Furaha anakufa kwa Ukimwi, ameacha barua isomwe mazishini, na wanaume wa kijiji wanahaha wakidhani majina yao yamo kwenye orodha. Tuliisomaje? Dhamira: athari za Ukimwi. Ujumbe: tuache zinaa. Mafunzo, moja mpaka tano. Basi. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba tamthiliya ile inahusu swali gumu kuliko yote katika kupambana na mlipuko wowote: ufanyeje pale ambapo kumtaja uliyekutana naye ni kumvua nguo mbele ya kijiji? Chuoni tulilisoma suala hilo kwa michoro, duara na mishale, mtu huyu amekutana na yule. Mishale haina aibu. Kijiji cha Furaha kinayo. Nilipoukumbuka mchezo ule nikiwa kwenye mhadhara, nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nao tangu kidato cha tatu na sikuwahi kuusoma.

Hali ni ileile kwa Ua la Faraja ya William Mkufya, ya mwaka 2004, riwaya nene juu ya Ukimwi Dar es Salaam. Tunaitaja kwenye orodha za "fasihi ya Ukimwi" kana kwamba ugonjwa ni utanzu. Ni wahakiki wangapi wamekaa na muuguzi au daktari wakaisoma pamoja? Tunalalamika kwamba wanasayansi hawatusomi. Tumewaandikia nini chenye faida kwao zaidi ya "mwandishi ametumia tashbiha"?

Kwa hiyo madai yangu ni mawili, na hayahitaji mabilioni. Kwanza, shahada yoyote inayojiita mtambuka na inayowasoma watu wa mahali fulani imlazimishe mwanafunzi ajifunze lugha ya mahali hapo, hata kwa mwaka mmoja, na asome kitabu kimoja kilichoandikwa kwa lugha hiyo, kisha apimwe kwa uzito uleule wa takwimu. Pili, wahakiki wetu wa Kiswahili waache kujifungia kwenye fani na maudhui. Nendeni Muhimbili. Nendeni kliniki ya mama na mtoto mkasikilize watu wanavyoziita homa zao. Mtaandika uhakiki bora, na kuna muuguzi atakayeutumia.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani. Bibi akaniuliza, "Haya mume wangu, umesomea nini huko miaka yote?"

"Afya ya dunia, bibi."

Akafikiri kidogo. "Udaktari?"

"Hapana."

"Sasa mtu akiumwa unamfanyia nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani, anisimulie ule usiku wa degedege kama alivyouona yeye. Alisimulia mpaka chai ikapoa. Aliniambia kuhusu watoto watatu wa jirani waliopelekwa hospitali kabla ya mdogo wangu, na jinsi kila mmoja alivyorudi. Alikuwa bado anayakumbuka majina yao, na siku waliyozikwa.

Mdogo wangu alikuwa amekaa hapohapo barazani, anasikiliza, kikombe ameshika mkono wa kulia.