Baba Simfukwe, Binti Namfukwe

Ukikaa Tunduma siku mbili tu utakutana na akina Simfukwe, Sinyangwe, Simbeye na Sichone. Vuka uingie Nakonde, upande wa Zambia, majina ni yaleyale. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani waligawana nchi wakiwa Ulaya, mstari ukapita katikati ya Wanyamwanga, ukoo mmoja ukajikuta una serikali mbili.

Sasa kuna jambo wengi hapa chuoni hawalijui. Kwa Wanyamwanga na jirani zao Wamambwe, jina la ukoo lina sura mbili. La mwanaume huanza na Si-, la mwanamke na Na-. Kaka ni Simfukwe, dada yake wa tumbo moja ni Namfukwe. Kaka Sinyangwe, dada Nanyangwe. Baba ni huyohuyo.

Kasheshe linaanza kwenye fomu. Mwenzetu mmoja kutoka Momba alizungushwa wiki kadhaa na ofisi fulani kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kinaanza na Na-, cha kifo cha baba yake kinaanza na Si-. Eti majina hayafanani, kalete hati ya kiapo. Wenzake walishasaini bumu, yeye anakula kwa kukopa. Na ushauri aliopewa? Abadili jina, achukue la baba, yaishe.

Ndiyo maana siku hizi utakuta binti kaandikwa Si- tangu utotoni. Wazazi siwalaumu, wanakwepa usumbufu. Lakini kinachotakiwa kubadilika ni fomu.

Kuna wanaosema mambo ya kisasa ni jina moja kwa familia nzima, kama Waingereza. Hao Waingereza wenyewe je? Webster hapo zamani alikuwa mwanamke mfumaji, Brewster mwanamke mpika pombe, Baxter mwanamke mwoka mikate. Ile -ster ya mwisho ilikuwa alama ya kike. Majina ya kazi yalipogeuka ya kurithi, alama ikapoteza maana, na leo kuna mibaba yenye ndevu inaitwa Webster. Ya kwetu bado iko hai, halafu tuiue kwa sababu ya karani?

Iceland mtoto wa kiume wa Jón ni Jónsson, wa kike ni Jónsdóttir. Vigdís Finnbogadóttir alichaguliwa rais mwaka 1980 akiwa na jina lake hilohilo. Na kompyuta wanazo. Kwa hiyo "mfumo haukubali" si jibu.

Serikali yetu ya wanafunzi iandike barua moja tu: barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba Si- na Na- ni ukoo mmoja ikubaliwe, bila kumpeleka mtoto wa mkulima kwa wakili. Na wewe dada wa mwaka wa kwanza, kabla hujalipia kubadili jina, pita kwanza kwa waziri wetu wa mikopo, na vyeti vyote viwili mkononi.