Kijani Si Cheti cha Usalama

Ardhi iliyochimbwa dhahabu ikifukiwa na kuota majani, wengi huona kazi imekwisha. Mtaalamu wa kilimo hupima kina cha udongo, mboji, rutuba na uwezo wa kushika maji; miche ikishika, ardhi huhesabiwa kuwa imepona. Vipimo hivyo ni vya lazima, ila hujibu swali moja tu: je, mmea utaishi? Sisi matabibu tunalo la pili: je, atakayeula atabaki salama?

Machimbo hayafanani. Bamburi, karibu na Mombasa, tangu mwaka 1971 machimbo ya mawe ya saruji yaligeuzwa msitu kwa kupanda mivinje, na majongoo wakasaga majani yake kuwa mboji. Pale kikwazo kikuu kilikuwa ukosefu wa udongo. Marudio ya dhahabu ni jambo jingine. Huweza kubeba risasi na arseniki, na pale wachimbaji wadogo walipochenjua, zebaki pia. Madini yenye salfa yakikutana na hewa na maji huzaa tindikali, nayo huyeyusha metali hata mizizi ikazifyonza. Chokaa hupunguza tindikali na kuizuia risasi, lakini yaweza kuifungulia arseniki njia. Udongo nao, kama mgonjwa, haupewi dawa kabla ya vipimo.

Tena risasi haihitaji kupitia mzizini. Vumbi juu ya mchicha na viganja vya mtoto achezaye uani vyatosha. Huko Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walifariki kwa sumu ya risasi iliyogunduliwa mwaka 2010, chanzo kikiwa usagaji wa mawe ya dhahabu vijijini. Kuwatibu walionusurika bila kuondoa udongo wa nyua zao kungekuwa kazi bure.

Kwa hiyo, tathmini ya ardhi iliyochimbwa itaje matumizi yake: msitu, malisho au chakula. Panapokusudiwa chakula, metali zipimwe katika udongo na katika sehemu ya mmea inayoliwa. Penye shaka, ipandwe miti ya mbao.

Tutaambiwa kwamba vipimo ni ghali. Ni kweli. Lakini hakuna kiwango cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama, na ubongo wa mtoto ukishaharibika, hakuna udongo mpya wa kuufukia.