Kidonda Kisichopona
Huku Uluguru tunao watoto wenye ualbino wanaoshinda nasi shambani juani. Tukiona kidonda mdomoni, sikioni au shingoni hakifungi kwa wiki 4, tusibahatishe dawa. Huenda ni saratani ya ngozi, nayo ikiwahiwa hukatwa na mtu akapona. Tuanzie zahanati, tupate barua ya rufaa hadi hospitali ya mkoa, Morogoro mjini. Tuulize kama yupo daktari wa ngozi anayefanya upasuaji. Asipokuwapo, tuombe rufaa ya Muhimbili, au KCMC Moshi, ambako tangu 1992 hufundishwa wataalamu wa ngozi. Nyama iliyokatwa ipimwe maabara. Nauli ikipungua, tuchangiane kama tunavyochangiana harusi. Na kofia pana tusisahau.