Mgongo Wazi

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Viktoria, kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walitumia sumu ya wadudu kuvulia. Ndipo serikali zetu zilipoamka na kukaza ukaguzi. Lakini ukaguzi huo ulifuata mnofu wa mbuta uliokwenda ng'ambo. Mifupa iliyobaki viwandani tuliuziwa sisi. Lugha, ambayo ndiyo taaluma yangu, haikuificha aibu hiyo: tuliiita mgongo wazi. Nisimamapo ufuoni Usenge hujiuliza: je, mwanafunzi wa hapa hastahili kulindwa sawa na mlaji wa Ulaya? Kiwanda kisinawe mikono mabaki yake yanapokuwa kitoweo cha maskini. Nayo serikali isingoje kukemewa na mnunuzi wa mbali ndipo ikumbuke raia wake. Walimu, lijadilini hili darasani.